Miongozo ya bakshishi mtandaoni: itumieje ili usilipe mara mbili wala usimpunje mhudumu?

Kibindoni (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Ziko tovuti na programu za simu ambazo unaingiza nchi, aina ya huduma na kiasi cha bili, nazo zinakutajia bakshishi ya kutoa. Shida ni kwamba bili ileile ukiiweka kwenye tovuti tatu unapewa majibu matatu: moja 15%, nyingine 20%, ya tatu inasema si lazima. Naomba wanaolijua jambo hili wanisaidie haya:

1. Asilimia inapigwa kwenye namba ipi ya risiti, kabla ya kodi au baada?
2. Risiti ikiwa tayari ina ada ya huduma, bado natoa?
3. Nitatambuaje kwamba jedwali la tovuti limepitwa na wakati?
4. Kwenye masharti ya matumizi wanaandika kuwa huo ni mwongozo tu na hawawajibiki. Hilo linanihusu vipi mimi mtumiaji, na taarifa zipi nisiwape?

Natanguliza shukrani.

---

HesabuSafi

Mkuu Kibindoni, majibu yanapishana kwa sababu kila kikokotoo kina dhana zake ambazo hakikuonyeshi. Kabla hujaiamini namba yake, fungua ukurasa wa maelezo utafute mambo mawili: asilimia ni ya kiasi gani, na wamechukulia kwamba ada ya huduma imo au haimo. Tovuti isiyosema hayo mawili achana nayo, hata kama ina sura nzuri.

Halafu anza na risiti, simu ije baadaye. Isome kutoka juu kwenda chini. Mpangilio wa kawaida ni vitu ulivyoagiza, punguzo kama lipo, jumla ndogo, ada ya huduma kama ipo, kodi, mwisho jumla kuu. Namba ya kuingiza kwenye kikokotoo ni ya vitu ulivyoagiza, kabla ya kodi na kabla ya punguzo.

Kabla ya kodi, kwa sababu kodi ni ya serikali na mhudumu hakuifanyia kazi. Chukua chakula cha 80 na kodi ya 8, jumla 88. Asilimia 18 ya 80 ni 14.40, na asilimia 18 ya 88 ni 15.84. Tofauti ni 1.44, si kubwa, na anayependa kuiacha aiache. Muhimu ni kujua unachofanya, maana mashine nyingi za kadi hupiga hesabu juu ya jumla kuu bila kukuambia.

Kwenye punguzo watu wengi huwapunja wahudumu bila kukusudia. Umeagiza vya 120, kuponi imekata nusu, risiti inasoma 60. Ukiweka 60 kwenye kikokotoo kwa 18% unapata 10.80, lakini kazi iliyofanyika ni ya 120, yaani 21.60. Kuponi haikupunguza sahani alizobeba mhudumu wala safari zake za kwenda jikoni.

Swali lako la pili ndilo linaloumiza mfuko. Rudi kwenye ile bili ya 80. Mgahawa umeongeza ada ya huduma ya 18%, yaani 14.40, pamoja na kodi ya 8, jumla ni 102.40. Mashine inakuletea kitufe cha 20%, unabonyeza, inachukua 20.48. Hapo umelipia huduma 14.40 na 20.48, jumla 34.88, ambayo ni 43.6% ya chakula ulichokula. Hakuna aliyekuibia, ila hukusoma mstari mmoja. Kwa hiyo ada ya huduma ikishakuwepo, chukua kiasi ambacho mwongozo unapendekeza, toa ile ada, kinachobaki ndicho cha kufikiria. Kikibaki sifuri au chini yake, umemaliza.

---

MsomaMenyu

Naongezea upande wa nchi, kwa sababu mstari huo wa ada unaandikwa kwa majina tofauti na vikokotoo vingi havikufundishi kuyatambua.

Ufaransa: ukiona *service compris* maana yake huduma imo ndani ya bei. Kanuni za kuonyesha bei za 1987 zinataka bei ya mgahawani itajwe ikiwa na huduma ndani, hivyo hata maneno hayo yasipokuwepo, bei ya menyu ndiyo unayolipa. Watu huacha sarafu chache wakiridhika. Tovuti inayokupa 15% za kuongeza Ufaransa imekosea, mwandishi wake amechukua zile asilimia zilizokwishaingizwa kwenye bei akazigeuza nyongeza.

Italia: *coperto* ni ada ya kukalia meza, inahesabiwa kwa kila kichwa na mara nyingi hujumuisha mkate. Hiyo si bakshishi na haiendi kwa mhudumu kama zawadi. Ada ya huduma yenyewe huitwa *servizio*. Programu inayotafsiri yote mawili kwa neno moja inakupotosha.

Ujerumani watu hutoa kati ya 5% na 10%, lakini utaratibu wa kulipa ndio unaowashinda wageni. Huachi pesa mezani ukaondoka. Mhudumu anapokuja kukusanya, unamtajia kiasi chote unachotaka akate: bili ni 27.60, unamwambia 30. Ukisema *stimmt so* huku unampa noti, umemwambia chenji ni yake. Ukitaja 30 baada ya mashine kukata 27.60 umechelewa.

Singapore: alama ya ++ kando ya bei ina maana ada ya huduma ya 10% na kodi ya GST zitaongezwa, na kodi inapigwa juu ya chakula pamoja na ada. Chakula cha 100 kinakuwa 110, kisha kodi ya 9% inafikisha 119.90. Watu wakiona karibu 20 zimeongezeka wanadhani zote ni bakshishi. Hakuna kinachotarajiwa zaidi ya hapo.

Japani na Korea Kusini hutoi bakshishi mgahawani. Japani ukiacha pesa mezani, mhudumu anaweza kukukimbilia mlangoni akurudishie akidhani umesahau. Tovuti inayoweka "5% hadi 10%" kwa Japani imejaza nafasi tu.

Marekani ndiko asilimia zina uzito wa kweli: 15% hadi 20% kwenye mgahawa wa kuhudumiwa mezani, kwa sababu mhudumu analipwa dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991. Vikundi vikubwa, mara nyingi kuanzia watu 6 au 8, huongezewa ada moja kwa moja. Itafute kwenye risiti kabla ya kugusa mashine.

Kuhusu swali la tatu, kutambua jedwali la zamani: usidanganywe na tarehe iliyo chini ya ukurasa, ile mara nyingi hujibadilisha yenyewe. Pima kwa jambo lililobadilika siku inayojulikana. GST ya Singapore ilikuwa 7%, ikawa 8% Januari 2023, ikawa 9% Januari 2024. Tovuti ikiandika 7% au 8%, unajua ukurasa huo uliguswa mara ya mwisho lini. Kwa Uingereza, tafuta kama wanaitaja sheria ya ugawaji wa bakshishi iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024. Kile kiwango cha dola 2.13 hakikusaidii kupima umri, kwa kuwa kimekaa palepale zaidi ya miaka thelathini.

---

Daftari

MsomaMenyu, mengi umeyasema vizuri, ila hapo kwenye Marekani parekebishwe, kwa sababu tovuti nyingi zimekosea vilevile.

Dola 2.13 ni kiwango cha chini cha serikali kuu kwa wafanyakazi wanaopokea bakshishi. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ajazilizie endapo mshahara na bakshishi kwa pamoja havifiki dola 7.25 kwa saa. Pili, majimbo mengi yameweka kiwango cha juu zaidi, na yapo saba ambayo hayaruhusu kabisa mwajiri kuitumia bakshishi kufidia mshahara wa kima cha chini: California, Oregon, Washington, Nevada, Montana, Alaska na Minnesota. Huko mhudumu analipwa kima kamili cha jimbo kabla hujampa chochote.

Je, hilo linabadilisha asilimia za kutoa? Kwa mazoea ya watu, hapana, California bado wanatoa kama kwingine. Lakini mwongozo unaokusukumia 20% kwa hoja kwamba "bila wewe mhudumu anabaki na dola mbili" unatakiwa kukuuliza jimbo kwanza. Usipouliza, hoja yake ichukulie kama ya jumla.

---

MsomaMenyu

Sahihi kabisa Daftari, asante. Wasomaji washike hayo ya Daftari, niliyoyaandika mimi kuhusu 2.13 yalikuwa nusu.

---

Kibindoni

Nawashukuru sana wakuu. Swali dogo: vikokotoo vingi vina sehemu ya kugawanya bili kwa idadi ya watu. Ina mtego wowote?

---

HesabuSafi

Upo, na ni mkubwa kuliko ule wa kodi. Mfano: chakula 150, kodi 12, bakshishi 18% ya 150 ni 27, jumla 189, watu wanne. Kikokotoo kinasema kila mmoja atoe 47.25. Hiyo 47.25 tayari ina bakshishi ndani. Sasa kila mtu anapeleka kadi yake, mhudumu anaingiza 47.25, mashine inauliza tena bakshishi, mtu anabonyeza 18%. Anakatwa 55.76. Wanne wakifanya hivyo wamelipa 223.04 kwa bili ambayo pamoja na kodi ilikuwa 162. Bakshishi imefika 61.04, zaidi ya 40% ya chakula.

Chagueni njia moja kabla mashine haijafika mezani. Ama mhudumu agawanye bili bila bakshishi, 162 kwa wanne ni 40.50, na kila mtu aongeze yake kwenye mashine. Ama mtumie 47.25 na kila mtu abonyeze sifuri.

Kosa la upande wa pili ni kushusha namba. Watu kumi wakipunguza senti 90 kila mmoja "ili iwe namba nzima", 9 zimetoka kwenye fungu la mhudumu, maana bili na kodi hazipungui. Mkitaka namba nzima, pandisheni.

---

ZamuYaJioni

Mwongozo mzuri hauishii kwenye asilimia, unakuambia pia pesa inamfikia nani. Kwenye mengi ya majedwali haya jambo hilo limeachwa, na kwa wanaofanya kazi hizi ndilo lenye uzito.

Ada ya huduma na bakshishi si kitu kimoja kisheria. Marekani, mamlaka ya kodi inaihesabu ada inayowekwa moja kwa moja na mgahawa kuwa mapato ya mgahawa. Ikigawiwa wafanyakazi inakuwa mshahara, na isipogawiwa, sheria ya serikali kuu haimlazimishi mwenye mgahawa kuigawa. Bakshishi uliyoamua mwenyewe ni mali ya wafanyakazi, na tangu marekebisho ya 2018 wenye biashara na mameneja hawaruhusiwi kuichukua. Kwa hiyo ukiona ada ya huduma, muulize mhudumu kwa upole: "Hii ada inawafikia ninyi?" Ni swali halali, wala si la aibu.

Uingereza mambo ni tofauti. Ile sheria iliyotajwa hapo juu inajumuisha ada ya huduma pia: mwajiri lazima aifikishe yote kwa wafanyakazi bila makato yake mwenyewe, agawe kwa haki, na alipe kabla ya mwezi unaofuata kuisha. Inatumika England, Scotland na Wales, Ireland ya Kaskazini haimo. Tovuti inayosema "Uingereza ada ya 12.5% haiwafikii wahudumu, iondoe ulipe taslimu" inasimulia hali ya zamani. Bado una haki ya kuomba iondolewe kama imeandikwa kuwa ni ya hiari, lakini usiiondoe kwa sababu hiyo.

Kadi au taslimu? Kwa kadi, Marekani sheria ya serikali kuu inamruhusu mwajiri kukata kwenye bakshishi ile sehemu ya gharama ya benki inayoihusu. Ada ya benki ikiwa 3% na bakshishi ni 20, anaweza kukata senti 60. California hairuhusu. Taslimu haina makato hayo, ila kama sehemu ile ina kapu la pamoja nayo inatakiwa kuingia kapuni. Usimshinikize mhudumu aifiche mfukoni ukidhani unamtendea wema.

Ukitoa taslimu toa pesa ya nchi ulipo, tena noti kama inawezekana. Sarafu za kigeni kwa kawaida hazibadilishwi benki, hivyo ukimpa mtu sarafu za kwenu umempa mzigo. Kikokotoo kinachokuonyesha bakshishi kwa fedha ya kwenu kibadilishe kisome fedha ya huko. Na mashine ikikuuliza ukatwe kwa fedha ya kwenu au ya huko, chagua ya huko, kwani ukichagua ya kwenu kiwango cha kubadilisha kinapangwa na upande wa mashine na huwa na nyongeza ndani.

Hotelini, wanaosafisha vyumba: miongozo mingi inataja kiasi kwa usiku, halafu watu wanajumlisha na kuacha yote siku ya kuondoka. Zamu zinabadilika, aliyesafisha siku nne za mwanzo anaweza kuwa mapumzikoni ya tano. Acha kila asubuhi, na uweke kikaratasi chenye neno la asante. Pesa isiyo na maandishi mfanyakazi mwangalifu haigusi, anaichukulia kuwa ya mgeni.

---

MtunzaJedwali

Nijibu lile swali la nne kuhusu masharti, maana naona limerukwa.

Wanaposema ni mwongozo tu, maana yake ni hii: huwezi kumwonyesha mhudumu simu ukamwambia "tovuti imesema 10%" ukatarajia hiyo iwe hoja. Hesabu ikikosewa ukalipa zaidi, tovuti haikurudishii. Anayeweza kurudisha ni mgahawa, tena ukiwa na risiti zote mbili, ya bili na ya kadi, na ikiwezekana kabla malipo hayajakamilishwa benki. Ukigundua kosa rudi siku hiyohiyo.

Taarifa za kuwapa ni nchi, mji au jimbo, aina ya huduma, na kiasi. Basi. Kikokotoo cha bakshishi hakihitaji namba ya kadi, orodha ya marafiki wala kujua ulipo muda wote. Zipo programu zinazosoma risiti kwa kupiga picha. Kabla ya kupiga, funika tarakimu za kadi, jina lako, na jina la mhudumu ambalo mara nyingi huchapwa juu ya risiti. Yeye hajakupa ruhusa ya kupelekwa mtandaoni. Programu ikitaka ruhusa ya kuona majina kwenye simu ili "kugawanya bili", ikatalie uandike idadi ya watu kwa mkono.

Tovuti nyingi hukataza kunakili majedwali yao na kuyachapisha upya. Kutumia namba kwa safari yako ni sawa, kuhamisha jedwali zima kwenye ukurasa wako omba ruhusa. Mbali na haki ya mwenye kazi kuna madhara mengine: jedwali likinakiliwa mara tano, kosa moja linaonekana limethibitishwa na tovuti tano. Ndiyo maana kulinganisha tovuti nyingi si uthibitisho. Ukikuta maneno yaleyale kwenye mbili, zihesabu kama moja.

Sasa sehemu ninayowaomba watu waizingatie sana: kuchangia taarifa. Miongozo mingi inapokea ripoti za watumiaji, na wengi wanaotuma ni wageni. Mgeni anatoa 20% kwa mazoea ya kwao mahali ambapo wenyeji huacha chenji, anaripoti 20%, jedwali linapanda, mgeni anayefuata analisoma anatoa 20%, naye anaripoti. Baada ya muda jedwali linaonyesha tabia ya wasomaji wake na tabia ya wenyeji imepotea. Ukituma ripoti, andika kilichochapwa kwenye risiti au menyu (ada ipo au haipo, asilimia ngapi, imeitwaje), tarehe, mji, na aina ya mahali. Kiasi ulichotoa wewe weka pembeni, na useme kama wewe ni mgeni au mwenyeji. Tovuti isiyotenganisha makundi hayo mawili, asilimia zake zisome ukijua ziko juu kuliko hali halisi.

---

Kibindoni

Nimeelewa vizuri mno, Mungu awabariki. La mwisho: mashine ya kaunta inayoleta vitufe vitatu tu, 18, 20 na 25, na mtu nyuma yako anasubiri. Mwongozo wa simu hauna nafasi hapo. Kuna njia ya haraka ya kujua mashine imepiga asilimia ya nini?

---

HesabuSafi

Ipo. Vitufe vingi huonyesha asilimia na kiasi chake chini yake. Angalia cha 20% tu, kizidishe mara tano, utapata namba ambayo mashine imeitumia kama msingi. Kwenye mfano wetu wa mwanzo, kitufe kinasema 20.48. Mara tano ni 102.40, yaani jumla kuu yenye kodi na ada ya huduma ndani. Ingesema 16.00 ungejua msingi ni 80, chakula peke yake, na ingesema 17.60 msingi ni 88, chakula na kodi.

Kama kiasi hakionyeshwi, usibonyeze asilimia. Tafuta kitufe cha kiasi kingine, kwa kawaida kimewekwa chini kwa maandishi madogo, uandike namba yako mwenyewe. Kwa kitu ulichojichukulia kaunta bila kuhudumiwa mezani, sifuri ni jibu halali hata Marekani. Na kwenye ile bili ya 102.40 yenye ada tayari, andika 0, kisha kabla hujaiondoa kadi hakikisha kioo kinasoma 102.40.